Mbona hadithi za mji mdogo zinatushika hata sisi tunaoishi humo?

BintiLangoni

Assalaam alaykum jamani. Nina swali limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na naomba wanaosoma riwaya na kutazama filamu wanisaidie kulifungua.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, na ndiko niliko mpaka leo. Mchana nauza vitambaa katika duka la ami yangu, Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Usiku nasoma na kuandika. Mwezi uliopita nilikuwa natazama kwenye simu tamthilia ya Kimarekani ya mji mdogo wenye theluji: mkahawa mmoja, kanisa moja, polisi wawili, na mama mwenye duka la mikate ambaye habari zote za mji humpitia yeye kwanza. Theluji sijawahi kuigusa. Lakini kufika sehemu ya tatu nilishawapa watu wale sura za watu wa kwetu. Yule mama wa mikate nilimvika uso wa bibi mmoja anayekaa kwenye daka la nyumba yake tangu alasiri mpaka magharibi, na kila mpita njia humwambia atokako na aendako bila kuulizwa.

Nina binamu yuko Nairobi mwaka wa tisa huu, naye anazipenda hizo hizo. Nilipomwuliza kwa nini, akasema zinampumzisha. Barabara moja, watu wanasalimiana, hakuna msongamano wa magari. Nikamwelewa, kwa sababu yuko mbali. Lakini mimi zinanipumzisha na nini? Barabara moja ninayo. Salamu ninazo: kutoka dukani mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika sita, nami sijawahi kufika kwa chini ya ishirini. Gari halipiti vichochoro vyetu, hupita punda, na punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kama kinachouzwa kwenye hadithi hizi ni utulivu, mimi sina haja ya kuununua. Na bado nazitafuta kuliko hadithi za mji mkubwa wowote.

Sababu ya pili ni hii. Nimeandika skripti ya filamu, ya kwanza maishani mwangu. Inamhusu mama anayeshika pesa za mchezo, sisi huku husema mtezo. Wanawake ni kumi na wawili, kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Inapofika zamu ya binti mdogo kuliko wote, pesa hazipo. Yule mama amezitumia kumtibu mtoto wake Mombasa. Wanawake wote kumi waliobaki wanajua. Binti hajui. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo, hakuna bunduki wala mapenzi ya baharini.

Nilimpelekea mtayarishaji mmoja wa filamu. Aliisoma yote, nashukuru kwa hilo, akanipa maneno mawili. La kwanza, hadithi ihamie Nairobi ipate kupanuka. La pili, ikiwa lazima ibaki Lamu, niongeze jahazi, ufuo na jua likizama, maana mtazamaji akisikia Lamu hutarajia hayo. Niliumia sana, na si kwa kukataliwa. Niliumia kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba hadithi ile ikipanda basi kwenda Nairobi itafia njiani, lakini sikuweza kumwambia itakufa kwa ugonjwa gani.

Basi nauliza kwa moyo mweupe. Kinachotushika katika hadithi ya mji mdogo ni nini hasa? Na je, aliyeuacha mji mdogo na anayeishi ndani yake wanapenda kitu kimoja, au kila mmoja anatafuta chake?


Mwana_wa_Umoja

Wa alaykum salaam dada. Nijibu kwa niaba ya binamu yako, maana mimi ni mtu wa Witu na niko Umoja, Nairobi, tangu 2009.

Akisema zinampumzisha hajasema uwongo, ila hajalimaliza. Mwaka juzi jirani yangu wa mlango wa pili alifariki. Nilijua siku ya tatu, nilipoona viti vya plastiki vinapandishwa ngazi. Mtu huyu nilikuwa nikipishana naye kila asubuhi, yeye na chupa yake ya chai mkononi, mimi na begi langu. Jina lake nililisoma kwenye karatasi ya mchango iliyobandikwa langoni. Nilisimama pale nikaisoma mara mbili kwa sababu jina halikuniambia kitu, mpaka nilipoona picha.

Usiku ule nilifungua filamu ya mji mdogo, na kitu nilichokuwa nangojea kilikuwa kidogo tu: mtu aingie dukani, na mwenye duka, kabla ya kumwuliza anataka nini, amwulize mama yako amepata nafuu? Nikilipata hilo roho yangu inatulia. Mandhari siyaangalii. Nataka kuwa mahali ambapo nikikosekana siku moja, kuna anayesema, "Mbona leo hajapita?"

Kwa hiyo sidhani sisi tulioondoka tunatafuta utulivu. Witu yenyewe haikuwa tulivu, nilikulia karibu na stendi.


MamaMaweni

Kaka wa Umoja, pole kwa jirani. Lakini niruhusu nije na upande wa pili, kwa sababu hicho unachokililia wewe ndicho nilichokikimbia mimi.

Nimezaliwa Kipini, pale Tana inapoingia baharini. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, dereva wa lori alininunulia soda dukani. Soda ya machungwa. Kabla sijafika nusu ya chupa, habari ilishafika kwa mama, na haikufika ikiwa soda. Nilichapwa, nikaondolewa shule muhula mzima, na mchumba aliyekuwa akitajwatajwa hakutajwa tena. Sasa niko Malindi, Maweni, napika hotelini, na ni miaka ishirini na minne tangu chupa ile. Nikienda Kipini kwenye msiba, wapo wanaoniangalia mkononi kabla ya kuniangalia usoni.

Kwa hiyo filamu za mji mdogo zenye wema mtupu, kila mtu anatabasamu na kuoka keki, huwa nazizima. Mwenye kuzitunga hajawahi kuwa binti katika mji wa namna hiyo.

Ninazozipenda ni za mauaji. Wageni huacha vitabu hotelini, na ndivyo nilivyokutana na Agatha Christie. Ana mzee mmoja wa kike, Miss Marple, bibi wa kijiji cha Kiingereza kinachoitwa St. Mary Mead. Riwaya za bibi huyo ni 12, na ya kwanza ilitoka 1930. Yule bibi hana alama za vidole wala maabara. Kazi yake ni kumtazama mshukiwa, hata akiwa bwana mkubwa wa London, na kusema: huyu ananikumbusha mtu fulani wa kijijini kwetu aliyefanya hivi na hivi. Basi anamkamata kwa njia hiyo. Tabia za ulimwengu mzima alishazisoma kwenye njia moja ya kijiji.

Mara ya kwanza nilipomsoma nilikaa kitako jikoni, vitunguu vikaungua. Yule bibi ni wale wale mabibi walioniona na soda! Ana kiti kile kile, na macho yale yale. Tofauti ni moja tu: yeye hutazama mpaka mwisho, halafu hujiuliza kama alichokiona ndicho. Wangu mimi walitazama nusu chupa.

Jibu langu basi, dada: mji mdogo unatushika kwa sababu unaona. Aliyeko mbali anatamani kuonwa. Aliye ndani anataka kujua, akishaonwa, nani atakuwa mwadilifu naye.

Na swali kwako. Hawa wanawake kumi wa mtezo, unawajua?


MzeeWaKanda

Mwanangu wa Langoni, nimesoma mara mbili kabla ya kuandika. Huyo mtayarishaji amekosea, na nitakwambia nimejuaje, kwa sababu kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kuwatazama watu wa Amu wakitazama filamu.

Nilikuwa na chumba cha video hapo Langoni, kuanzia 1989. Vijana wa leo hawatakijua. Mabenchi manane, pazia la gunia mlangoni, televisheni ya inchi ishirini na moja iliyotoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na kutoka gatini ikabebwa begani na hamali wawili kwa zamu, maana niliogopa punda angeitikisa. Kiingilio shilingi tano. Mimi sikukaa mbele. Nilikaa pembeni ya televisheni, kando ya deki, kwa ajili ya kubadilisha kanda na kuangalia stima. Kwa hiyo filamu niliziona kwa ubavu, lakini nyuso niliziona zote.

Filamu za ngumi zilijaza chumba, sikatai. Watu walipiga makelele, ikiisha wakainuka wakaenda zao. Za miji mikubwa, majambazi na magari, hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na filamu ambazo zikiisha watu hawaondoki. Wanasimama pale nje kwenye kichochoro, mtu na kofia mkononi, wanabishana: angemwambia mapema, hapana, asingeweza kumwambia mbele ya baba yake. Nusu saa nzima. Nilikuwa nikifunga mlango nikiwaacha hapo. Na kila mara, nasema kila mara, ilikuwa filamu ya kijiji au mji mdogo.

Nikupe moja. *Sholay*, filamu ya Kihindi ya 1975, niliionesha sijui mara ngapi. Inapita saa tatu, kwangu ilikuwa kanda mbili. Kijiji chake kinaitwa Ramgarh, kinasumbuliwa na jambazi Gabbar Singh. Humo mna imamu mzee, kipofu, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Kijana anaondoka kwenda kutafuta maisha, majambazi wanamkamata, wanamwua, na farasi anarudi kijijini na maiti. Wanakijiji wote wanakusanyika. Hakuna anayesema neno. Hapo ndipo anapotokea yule mzee na bakora yake, akiuliza kwa nini pamekuwa kimya hivi.

Mwanangu, kile kijiji kizima kina mato, na aliyefiwa hana. Wote wanajua na yeye hajui. Na hakuna anayeweza kufungua mdomo.

Chumbani mwangu kulikuwa na mtu mmoja, fundi wa kuziba mashua kwa kalafati, alikuja na njugu zake kila usiku na kuzipasua mfululizo, krr, krr, hata penye risasi. Pale alikuwa ananyamaza. Niliona njugu imesimama katikati ya vidole, haijapasuliwa. Usiku mmoja kijana wa benchi la nyuma akashindwa kustahimili, akapiga ukelele: "Mwambieni!" Hakuna aliyemcheka. Kihindi hakuna aliyekijua sawasawa mle ndani. Mzee anapapasa maiti kwa mikono mpaka anamjua mwanawe, kisha adhana inalia, naye anaondoka kwenda msikitini.

Sasa lile neno la machweo. Filamu ile ilipigwa Ramanagara, karibu na Bangalore, kwenye majabali makubwa ya ajabu, watu huenda kuyatazama mpaka leo. Miaka yote ile sikumsikia hata mtu mmoja, akisimama pale kichochoroni, akitaja majabali. Walimtaja imamu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, nami naliamini kama ninavyoamini kwamba maji hupwa na kujaa. Hadithi ya mji mdogo inashika kwa sababu jambo likitendeka halina pa kwenda. Nairobi, yule mama wako wa mtezo angezima simu, akahama Kayole akaenda Rongai, na hadithi imekwisha. Amu atazima simu ahamie wapi? Kesho asubuhi atatoka kununua mkate wa mofa, na anayesimama mbele yake kwenye foleni ni binti mwenye pesa. Atamsalimia. Itabidi amsalimie. Kesho kutwa vilevile. Hapo ndipo filamu yako ilipo, kwenye salamu ile. Uhai wa hadithi ni kule kuonana tena.

MamaMaweni amesema mji unaona. Naongeza: unaona, halafu unanyamaza, na kunyamaza kwenyewe ni kazi nzito inayofanywa na watu wote kila siku. Wale wanawake kumi wako ni kile kijiji kilichomzunguka kipofu.

Ushauri mmoja wa mtu aliyekaa kando ya deki: usimfiche mtazamaji. Mwambie tangu mwanzo kwamba pesa hazipo. Akijua, atakuwa wa kumi na mmoja katika wale wanyamavu, na njugu itamkwama vidoleni. Ukimficha umshtue mwishoni, ataruka mara moja, halafu ataenda kulala.


Mwalimu_Faza

Mzee amenifungulia kitu ambacho nimekifundisha bila kukiona. Nasomesha fasihi, kwa hiyo nitaleta kitabu kimoja tu.

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, na sasa tunayo kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ni mtoto wa mji mdogo uitwao Kawa, mji uliopata uhai kwa sababu ya reli ya Wajerumani. Baba yake ana hoteli. Anakuja mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto humwita ami na humpenda kwa sababu humpa sarafu kila akiondoka. Siku moja Yusuf anaambiwa atafuatana na ami safarini. Anapanda gari la moshi na kibunda chake. Anayemfumbua macho ni kijana wa dukani, Khalil, kule pwani: yule si ami yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Khalil mwenyewe ni rehani vilevile. Neno hilohilo, ami, tunaloliita kwa mapenzi, mle ndani limefunika deni. Mzee, ni kipofu wako na kijiji chake, ila hapa kipofu ana miaka kumi na miwili.

Jambo la pili ni la kiutendaji. Dada, mji wako uupe jina la kubuni. R. K. Narayan wa India aliutunga mji wa Malgudi mwaka 1935, akaupa mto na stesheni, akauandika zaidi ya miaka hamsini. Kila msomaji alidhani ni mji wake, na hakuna jirani aliyeweza kumgongea mlango na kusema umeniandika mimi. Ukiita Lamu, wale wanawake kumi utawapata kumi wengine wanaojitafuta humo.


BintiLangoni

Nimekaa na majibu yenu siku mbili bila kujibu. Shukrani kwanza. Kaka wa Umoja, ile karatasi ya mchango haitoki machoni. Mwalimu, la jina nimelisikia na nalipima.

MamaMaweni, uliniuliza kama nawajua wale kumi. Nilidhani nitapita bila kujibu, lakini baada ya neno la Mzee naona nitakuwa nawadanganya. Ndiyo, nawajua. Binti mdogo ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na zamu yangu ilikuwa ya kununua cherehani. Nikaambiwa pesa zimeibwa ndani ya basi. Wote waliokuwapo wakaitikia, masikini, dunia imeharibika. Nami nilivyomhurumia yule mama! Asubuhi yake nilipika mahamri, nikayatia kwenye sahani nzuri ya nyumbani, nikafunika kwa kawa, nikampelekea kumpa pole. Kati ya kwetu na kwao kuna wikio, nyumba mbili zimeungana juu ya njia. Nilipopita chini yake nilisikia wanawake wanazungumza juu, kisha wakanyamaza ghafla mpaka nilipopita. Nilifikiri wananinyamazia kwa huzuni. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, na hakunikaribisha ndani. Ukweli niliupata miaka miwili baadaye, jikoni kwenye harusi, mtu aliteleza ulimi akidhani nilishajua.

Sikumwambia chochote. Yeye naye hajui kama najua, au anajua, sina hakika. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Yuko gredi ya sita sasa, akipita dukani kwenda madrasa hunibusu mkono.

Hayo yote nilikuwa nayo nilipoandika skripti. Lakini kuna jambo sikuwa nalo, na limenijia juzi usiku baada ya kusoma "kuonana tena."

Yule mama huja dukani kwetu kila Alhamisi. Hununua bitana nyeupe. Hutoa noti ya mia, na chenji ya hamsini huisukuma kwangu juu ya meza kwa kidole: "Hii yako, ya chai." Siku zote nimeichukulia kuwa ni ukarimu, kwetu mtu kukuachia hamsini si ajabu. Basi juzi nilikuwa nimelala naifikiria ile foleni ya mkate wa mofa, nikakumbuka kwamba nilipoanza kazi kwa ami, ile hamsini yake ilikuwa inabaki kwenye nusu mita. Bei ya bitana imepanda kidogo kidogo mpaka ikafika maradufu tangu hapo. Siku hizi ananunua robo. Kila bei ilipopanda, kipande kilipungua. Hamsini haikupungua hata mara moja.

Niliinuka nikatafuta kalamu. Nilizopaswa kupokea kwa wenzangu kumi na mmoja ni shilingi 22,000. Kwa hamsini hamsini ni Alhamisi 440. Ni miaka minane na miezi mitano, ukiongeza na wiki alizokosa, misiba na Mombasa. Mimi dukani nina miaka minane na nusu.

Mzee, nifanye nini na hili kwenye filamu? Nimwoneshe akihesabu? Na akifika mwisho asije tena, je, hapo ndipo pa kuzima?


MzeeWaKanda

Subhanallah.

Usimwoneshe akihesabu, mwanangu. Onesha kidole kinasukuma hamsini, na ule mkasi wako unakata kipande kinachozidi kuwa kidogo. Onesha mara nyingi, usichoke. Watu wa benchi la nyuma watapiga hesabu wenyewe, na kuna atakayepiga ukelele. La mwisho siwezi kukujibu. Alhamisi haijafika.


MamaMaweni

Nimelia hapa jikoni, na leo sina vitunguu. Mdogo wangu, niambie kitu kimoja tu. Robo robo hizo za bitana, miaka yote hiyo, anashonea nini?


BintiLangoni

Sijui, dada. Kwao sijaingia tangu siku ya mahamri. Sahani yetu bado iko kule.